Askofu Edward Steere, Mwalimu wa Walimu

Katika kitabu hiki cha jubilei wenzetu wamepewa kuandika habari za makanisa, na za shule, na za hospitali yetu ya hapa Mkomaindo. Sisi tumepewa kuandika maisha ya mtu mmoja. Mwaka 2026 unatimiza miaka 150 tangu Wakristo wa kwanza walipofika Masasi, na miaka 100 tangu nchi yetu ilipotengwa na Dayosisi ya Zanzibar ikawa dayosisi kwa nafsi yake. Katika miaka hiyo yote wamepita kati yetu watu wengi wenye sifa, na msomaji aweza kudhani kwamba tutamchagua mmoja wa wale waliokaa nasi muda mrefu na kuzijua njia zetu zote kwa miguu: Chauncy Maples, au Askofu Vincent Lucas.

Lakini tumemchagua mtu ambaye alikaa Masasi majuma machache tu, akarudi pwani. Jina lake Edward Steere, Askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu. Twamchagua huyu kwa sababu kila mwalimu aliyetufundisha kusoma alifundishwa na mwalimu mwingine, naye na mwingine, na tukiufuata mnyororo huo nyuma, pete baada ya pete, tutafika Kiungani, katika chuo kidogo nje ya mji wa Unguja, na hapo tutamkuta mtu huyu pamoja na vijana wachache waliotolewa utumwani.

Kuzaliwa na kusoma kwake

Edward Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisoma katika Chuo Kikuu cha mji ule, akashika sana elimu ya sheria, hata mwaka 1850 alipokuwa kijana wa miaka 22 tu, akapewa shahada ya udaktari wa sheria. Mwaka ule ule akaingizwa katika kundi la mawakili. Njia ya heshima na ya mali ilikuwa wazi mbele yake. Lakini moyo wake haukutulia katika kazi ile. Akajitia katika kazi ya kuwasaidia maskini, akaiacha sheria, na mwaka 1856 akawekwa kuwa shemasi. Mwaka 1858 akawa kasisi, akaoa. Baadaye akapewa usharika mdogo wa shamba, jina lake Little Steeping, katika jimbo la Lincoln. Watu wake walikuwa wakulima, na mtu mwenye elimu kama ile angaliweza kuwadharau. Yeye alijifunza kusema nao maneno mepesi yenye maana nzito. Twaona kwamba Mungu alimtia chuoni mara ya pili hapo, ili ajue namna ya kumfundisha mtu asiyejua kitabu.

Jirani yake alikuwa kasisi mwingine, rafiki yake sana, William Tozer. Siku zile Kanisa la Uingereza lilikuwa katika huzuni. Mwaka 1857 Dakitari Livingstone alikwenda Cambridge akawasihi vijana wa vyuo vikuu waikumbuke Afrika, na kwa maneno yake Misheni ikaanzishwa. Lakini Askofu wa kwanza, Mackenzie, alikufa kwa homa mwaka 1862, karibu na mto Shire, na wenzake kadhaa wakafa vivyo hivyo. Tozer akachaguliwa kuwa Askofu wa pili mwaka 1863. Steere akasema atamsindikiza rafiki yake kwa muda kidogo tu, kisha atarudi kwa watu wake wa shamba. Muda ule kidogo ukawa maisha yake yote. Mkewe akabaki Uingereza. Na tusiipite habari hiyo upesi, maana twazoea kuhesabu homa na njaa za wamisheni wa zamani, tukasahau miaka ya kuwa mbali na nyumba zao.

Kuja Unguja

Walipofika upande wa Zambezi waliona kwamba kazi haiwezekani pale. Nchi ilikuwa imeharibiwa na vita vya watumwa na njaa, na kila aliyepanda kutoka mtoni alipata homa. Askofu Tozer akakata shauri gumu, ambalo wengi Ulaya walimlaumu kwalo: kuondoka, na kuanza upya Unguja. Wakafika Unguja tarehe 31 Agosti 1864.

Hoja yao ilikuwa hii. Mzungu peke yake hawezi kuihubiri Afrika. Hali ya nchi humwua, na ulimi wake ni mzito. Waafrika watahubiriwa na Waafrika. Basi kazi ya kwanza si kujenga makanisa mengi mbali bara, bali kuwapata vijana, kuwafundisha vema, na kuwarudisha kwa watu wao wakiwa walimu na makasisi. Na mahali pa kuwapata vijana wa makabila yote ya bara palikuwa Unguja, kwa kuwa huko ndiko walikouzwa.

Siku zile zile Sultani Majid aliwapa watoto watano wanaume, waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Hawakuwa na baba wala mama, wala hawakujua kwa nini wamepewa watu weupe. Wengine waliogopa kwamba wataliwa. Hao watano ndio darasa la kwanza la Misheni. Mmoja wao aliitwa baadaye John Swedi, nasi tutamtaja tena.

Alianza kwa kujifunza

Mtu aliyekuwa daktari wa sheria akajifanya mwanafunzi. Hakuwa na kitabu cha kutosha cha kumfundisha Kiswahili cha Unguja. Krapf, mmisheni wa Mombasa, alikuwa amekwisha kuandika sarufi yake, lakini aliandika usemi wa Mombasa. Basi Steere akaketi na wenyeji wa mjini, wazee na vijana, akawauliza jina la kila kitu, akasikiliza jinsi neno linavyogeuka mwanzoni na mwishoni, akaandika, akawasomea aliyoandika ili wamsahihishe. Akauliza tena na tena, hata akaijua kanuni iliyo ndani ya lugha, ambayo sisi wenyewe twaifuata bila kuijua.

Akawaomba pia wamhadithie hadithi zao. Wakamhadithia Sultani Darai, na habari za Liongo, na punda wa dobi, naye akaziandika kama alivyozisikia. Mwaka 1870 vitabu viwili vikatoka: kitabu chake cha sarufi na maneno ya Kiswahili, na kitabu cha hadithi za Unguja. Wazungu wengi wa siku zile walidhani kwamba lugha ya Mwafrika haina mpango wala fasihi. Steere aliwajibu kwa kuwaonyesha vitabu vile, wala hakuhitaji kubishana nao.

Hakukisahau kipande chetu cha nchi. Kwa kuwaulizia vijana waliotoka huku aliandika mkusanyo wa maneno ya Kiyao, uliotolewa mwaka 1871, na wa Kimakonde, uliopigwa chapa Unguja mwaka 1876. Wenzetu wa Newala na wa uwanda wote wa juu na wakumbuke jambo hili. Kabla mmisheni yeyote hajajenga nyumba juu ya uwanda wa Makonde, palikuwa na mtu Unguja aliyeketi kuandika maneno ya wazee wao kwa heshima, kana kwamba ni Kiyunani au Kilatini.

Chuo cha Kiungani

Misheni ilipata shamba mahali paitwapo Kiungani, kusini ya mji, karibu na bahari, na huko wavulana wakajengewa nyumba. Chuo kikaitwa kwa jina la Mtakatifu Andrea. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikiwinda majahazi ya watumwa, na kila mara zilipoyakamata baadhi ya watoto waliletwa kwa Misheni. Hivyo chuo kikajaa Wayao na Wamakua, watu wa Nyasa na watu wa makabila mengi mengine. Hawakusikilizana kwa lugha za kwao. Kiswahili kikawa lugha yao wote, cha darasani na cha mchezoni.

Mafundisho yalikuwa kusoma, kuandika, hesabu, Maandiko na kuimba. Waliokuwa na akili nyepesi walifundishwa na Kiingereza, lakini mafundisho ya dini yalikuwa kwa Kiswahili, kwa sababu Steere aliona kwamba neno la imani lisilofahamika ni kelele tu. Palikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na vijana walifundishwa kupanga herufi za risasi, kutia wino, na kukunja karatasi. Kwa mikono yao vilitoka vitabu vya kusomea walivyovitumia wenyewe. Fikiri jambo hilo, msomaji: mtoto aliyeuzwa kama mbuzi sokoni, baada ya miaka michache alisimama kwenye mtambo, akiziweka herufi moja moja za Injili ya Matayo, iliyotangulia kutafsiriwa kabla ya nyingine.

Si wote waliofanywa walimu. Wengine walikwenda kulima katika shamba la Mbweni, ambako watumwa waliowekwa huru walijenga mji wao. Wengine wakawa mafundi. Waliochaguliwa kuwa walimu ni wale walioonekana kwamba waweza kuaminiwa peke yao. Hilo ndilo lililotazamwa kuliko akili, kwa kuwa mwalimu wa bara atakaa mbali, bila mkubwa wa kumtazama, na watu watasoma maisha yake kabla hawajasoma kitabu chake. Na kwa ajili ya wasichana palikuwa na shule yao, ambayo baadaye, chini ya Bibi Caroline Thackeray aliyekuja mwaka 1877, ililea wake wa walimu na walimu wanawake huko Mbweni.

Lakini kulikuwa na hatari moja iliyomsumbua Askofu, nasi walimu tuisikilize vema, maana haijaisha. Mtoto aliyelelewa chuoni aweza kusahau kwao. Aweza kujifunza kula, kuvaa, na kulala kama Mzungu, kisha akiambiwa aende kufundisha kijijini aone kwamba ameadhibiwa. Kwa hiyo vijana wa Kiungani walivaa kanzu na kofia, walikula chakula cha nchi, walilala kwa desturi ya nchi. Steere hakutaka kufanya Waingereza weusi. Alitaka Wakristo wa Afrika, watakaoweza kuketi barazani na wazee wa kijiji wasionekane wageni.

Je, alifaulu? Tusiandike sifa tupu. Wengine katika vijana wale walikufa mapema kwa maradhi. Wengine walichoka, wakaiacha kazi, wakaenda kutafuta mali mjini au katika misafara. Na hata waliodumu walikuwa na jeraha ambalo chuo hakikuweza kuliponya: walirudishwa bara, lakini wengi hawakurudishwa kwa mama zao, maana hakuna aliyejua mama zao walipo. Walikwenda kuwa jamaa za watu wengine. Labda ndiyo sababu wengine wao walikuwa walimu wapole namna ile.

Soko la watumwa

Steere alirudi Uingereza mwaka 1868, akakaa na watu wake wa Little Steeping, lakini mikono yake haikuacha kazi ya Kiswahili. Aprili 1872 tufani kubwa ikaipiga Unguja, ikavunja nyumba na kuangusha mikarafuu, na Misheni ikapata hasara kubwa. Askofu Tozer alikuwa mgonjwa. Steere akarudi, akaikuta kazi karibu kufa, akaiinua. Tozer alipojiuzulu mwaka 1873 wote walimtazama yeye. Hakuutamani uaskofu, lakini tarehe 24 Agosti 1874 akawekwa wakfu katika kanisa la Westminster huko London.

Kati ya mambo hayo, Juni 1873, Sultani Barghash alitia mkono katika mapatano, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Misheni ikapata uwanja ule ule. Sehemu moja ilinunuliwa, na sehemu nyingine ilitolewa bure na tajiri Mhindi, Jairam Senji. Siku ya Krismasi mwaka 1873 jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali walipouzwa watu.

Katika ujenzi ule pia Steere alikuwa mwalimu. Yeye mwenyewe alikuwa mchoraji na msimamizi. Mafundi wa mjini hawakuwa wamejenga dari kubwa ya kuba kama ile aliyoitaka, ya mawe ya matumbawe na saruji, na wengi walisema itaanguka. Akawafundisha hatua kwa hatua, nayo imesimama hata leo. Husimuliwa kwamba siku moja asipokuwapo, mafundi waliweka nguzo nyingine chini juu, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Ukienda Unguja utaonyeshwa nguzo hizo. Sisi twaona ni alama nzuri ya mwalimu yule: alijua kosa la kubomoa na kosa la kuvumilia.

Safari ya Masasi

Novemba 1875 Askofu aliondoka Lindi kwa miguu, akapita nchi ya kwetu na kuvuka Ruvuma, hata akafika Mwembe, mji wa Mataka, mkuu mashuhuri wa Wayao. Alikwenda kuitazama njia ya Nyasa. Aliona watu wengi waliofaa kufundishwa, na aliona pia minyororo ya watumwa ikishuka pwani. Akarudi na shauri: wale Wayao na watu wa Nyasa walio huru huko Mbweni warudishwe kwao, wawe kijiji cha Wakristo, na kijiji kile kiwe mwalimu kwa jirani zake.

Oktoba 1876 wakaondoka Unguja, Askofu na wenzake Wazungu na zaidi ya watu 50 waliokuwa watumwa, wanaume kwa wanawake. Wakashuka Lindi, wakapanda bara. Nia ilikuwa kuendelea mpaka Nyasa. Lakini walipofika penye majabali haya makubwa ya Masasi, wakaona maji, na udongo mzuri, na nchi yenye nafasi, watu wale walisema wamechoka, wakaomba wakae hapa. Kwa mtu mwenye kupenda shauri lake mwenyewe huo ungalikuwa uasi. Askofu alifikiri, akakubali. Viwanja vikagawiwa, vibanda vikajengwa, sala zikaanza.

Hivyo Masasi ilianzishwa kwa neno la watu waliokuwa watumwa. Maisha yao yote waliambiwa waende wapi. Mara hii waliulizwa, wakajibu, na jibu lao likakubaliwa. Wengi hulihesabu tendo hilo kuwa ajali ya safari. Sisi twalihesabu kuwa somo kubwa kuliko yote aliyofundisha Askofu Steere: kumfundisha mtu kuwa huru, kisha kuukubali uhuru wake hata ukipinga ramani yako.

Askofu akarudi Unguja, akimwacha William Percival Johnson, kijana aliyetoka Ulaya mwaka ule ule. Baada yake akaja Chauncy Maples. Na pamoja na Wazungu hao wakaja walimu wa Kiungani. John Swedi, mmoja wa wale watoto watano wa Sultani Majid, alifanya kazi Masasi, na mwaka 1879 akawekwa kuwa shemasi, Mwafrika wa kwanza wa Misheni yetu kupata daraja hiyo.

Kitabu mkononi

Steere alijua kwamba mwalimu asiye na kitabu hukauka. Atasema aliyoyakumbuka, kisha atayarudia, kisha atayachanganya. Kwa hiyo katikati ya ujenzi, na barua, na wagonjwa, na ugomvi wa watu, aliendelea kutafsiri: sehemu za Kitabu cha Sala, nyimbo, vitabu vya shule, na Agano Jipya lote, lililotolewa kwa umoja wake mwaka 1883. Alisaidiwa na wenzake na wanafunzi wake. Wao walisikia kwa masikio ya wenyeji yale aliyoyatafsiri yeye kwa elimu yake. Alichagua maneno ambayo mtu wa kawaida aliyafahamu, wala hakuona haya kutumia neno la Kiarabu lililokwisha kukaa katika vinywa vya watu.

Wako waliouliza, na wako wanaouliza hata leo, kama haikuwa hasara kwa Kiyao na Kimakua na Kimakonde kwamba chuo kilitoa walimu wenye kufundisha kwa Kiswahili. Swali hilo ni la haki. Nyimbo nyingi za babu zetu hazikuandikwa. Lakini twaona wodini hapa Mkomaindo jinsi mama Mmakonde aliyeteremka kutoka Newala alivyo jirani kitandani na Mmakua wa Masasi na Mmwera wa Ndanda, nao wanafarijiana kwa lugha moja, na sala ya jioni yawafaa wote. Steere mwenyewe hakuziona lugha zetu kuwa adui za Kiswahili. Aliziandika zote alizoweza kuzipata. Aliyoiacha bila kumaliza ni kazi yetu, wala si kosa lake.

Mwisho wake

Nguvu zake zilipungua. Mwaka 1882 alikuwa Uingereza, akarudi Unguja mwezi wa Agosti, kazi ya Agano la Kale ikiwa bado mikononi mwake. Baada ya siku chache tu, Jumapili tarehe 27 Agosti 1882, akafariki, mwenye umri wa miaka 54. Walimzika nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga, mahali palipokuwa soko.

Haukupita mwezi, na msiba ukaifikia Masasi. Septemba 1882 Magwangwara waliishambulia, wakachoma nyumba, wakaua watu, wakachukua wengine mateka. Mmisheni mmoja alikwenda kuwafuata ili awakomboe, akawapata baadhi yao. Watu waliosalia wakatawanyika, na Maples akahamia Newala, karibu na Matola, mkuu wa Wayao aliyekuwa rafiki wa Misheni. Mtu aliyetazama siku zile angalisema kazi ya Steere imekufa pamoja naye. Askofu yumo kaburini, kijiji chake ni majivu, na watu aliowatoa utumwani wamekamatwa tena.

Lakini majivu hayakuweza kuwachoma walimu. Katika mwaka 1886 Cecil Majaliwa, kijana wa Kiungani aliyekuwa ametolewa utumwani, aliwekwa kuwa shemasi, akaja Chitangali kwa watu wa Nakaam. Na mwaka 1890 akawa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika Misheni kupewa ukasisi. Alifundisha, alibatiza, alilea walimu wengine. Agosti 1905, katika vita vya Maji Maji, Masasi ilichomwa tena, ikajengwa tena. Vita vya mwaka 1914 vilipokuja, wamisheni Waingereza walikamatwa na Wadachi, wakafungwa, na makanisa yetu yakabaki mikononi mwa makasisi na walimu Waafrika. Hawakuyafunga. Watoto waliendelea kufundishwa, wafu waliendelea kuzikwa kwa sala. Siku zile ndizo zilizothibitisha hoja ya mwaka 1864, kwamba Waafrika watahubiriwa na Waafrika.

Chuo cha Kiungani baadaye kilihamishwa bara, kikawa Minaki. Na huku kwetu chuo cha Mtakatifu Yosefu, Chidya, kikalea walimu kwa mfano ule ule. Na Kiswahili cha Unguja alichokiandika Steere ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili cha shule katika Afrika ya Mashariki. Mtoto anayesoma leo Nanyamba au Mahuta, hata kama hakulisikia jina la Steere, ananufaika na kazi yake.

Neno kwa walimu na usharika

Twaweza kumaliza kwa sifa, lakini yafaa zaidi tumalize kwa kujiuliza. Steere alijifunza lugha ya watu kabla ya kuwafundisha: je, sisi twawasikiliza watoto wetu kabla ya kuwakemea? Yeye alimtazama mwanafunzi kama mtu atakayekuja kufundisha wengine: je, sisi twawatazama wa mstari wa nyuma namna hiyo, wale wenye nguo iliyochanika? Yeye alikubali shauri la watu wanyonge penye majabali ya Masasi: je, halmashauri zetu za usharika zawasikia wajane na vijana, au zasikia wenye sauti kubwa tu?

Nanyi wazee wa usharika, mwalimu wenu wa kijijini aweza kuonekana mtu mdogo. Mshahara wake si mkubwa, na viatu vyake vina vumbi. Mpeni kuni na maji, mpeni heshima, mrudishieni watoto wake darasani wakati wa kuvuna korosho. Watoto watano walitosha kuanza kazi ambayo leo haiwezi kuhesabiwa, nanyi hamjui ni yupi katika watoto wake atakayekuwa John Swedi.

Katika siku hizi za jubilei, tutakapokusanyika na kutaja majina ya wazee wetu mbele ya altare, tusiliache jina la yule mwanasheria wa London aliyekuja kwa muda kidogo akakaa daima. Apumzike kwa amani, na nuru ya milele imwangazie. Na sisi tuliobaki, Mungu atupe kuishika chaki kwa uaminifu kama yeye alivyoishika kalamu.